Mtindio wa Ubongo na Nyonga ya Mtoto: Historia ya Istilahi Chache za Tiba

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya istilahi chache za tiba zinazohusu watoto wenye mtindio wa ubongo, na hasa maneno tunayoyatumia tunapozitaja nyonga zao. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni la madaktari peke yao. Walakini, mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali ndio waandikao fomu, vitabu vya mafunzo na matangazo ambayo daktari na muuguzi huyatumia wanapozungumza na mzazi. Neno likikosewa katika fomu, hasara yake humfikia mtoto. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kabla sijaajiriwa katika kazi ya istilahi, nilipewa na shirika moja kazi ya kufasiri orodha ya maswali ya kuulizwa wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Swali mojawapo lilihusu nyonga. Nililifasiri hivi: "Je, nyonga ya mtoto imeteguka?" Tafsiri ilikubaliwa bila marekebisho, nami nikapokea ujira wangu. Baadaye nilifika Peramiho kwa shughuli nyingine, yaani kutazama vitabu vya Kiswahili vilivyopigwa chapa huko, nikakutana na mama mmoja wa kijiji cha jirani ambaye alikuwa amewahi kuulizwa swali lile. Alikuwa amejibu "hapana". Nilipomwuliza sababu, alinieleza kwamba mtoto wake hakuanguka wala hakuvutwa mguu; hapakuwa na siku aliyoteguka. Kisha akaongeza, kana kwamba anasema jambo lisilohusiana na swali, kuwa tangu mwaka uliotangulia mtoto hakai tena vizuri mgongoni kwa mbeleko, kwa sababu mapaja hayaachani, na kwamba hulia anapooshwa.

Kwa mujibu wa fomu, mtoto yule hakuwa na tatizo la nyonga. Kwa mujibu wa maneno ya mama yake, alistahili kupelekwa kupigwa picha ya eksirei upesi. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ilitokana na kitenzi kimoja, na kitenzi hicho nilikichagua mimi.

Mahali penyewe

Peramiho iko kilomita zipatazo 25 kutoka mjini Songea, katika Mkoa wa Ruvuma. Misheni ya Wabenediktini ilianzishwa hapo mwaka 1898, ikachomwa moto mwaka 1905 wakati wa Vita vya Maji Maji, ikajengwa upya, na mwaka 1931 ikawa abasia. Kandokando ya kanisa vilikua shule, karakana, kiwanda cha uchapaji na Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, ambayo hupokea wagonjwa kutoka pembe nyingi za kusini ya nchi. Kwa hiyo Peramiho ni mahali ambapo Kiswahili cha kuchapwa na Kiswahili cha mgonjwa vimeishi jirani kwa muda mrefu.

Tena wagonjwa wengi wa sehemu hizo wanasema Kingoni, Kimatengo, Kindendeule au lugha nyingine nyumbani. Istilahi ya tiba inayoandikwa Dar es Salaam huanza safari yake katika Kiingereza, ikaingia katika Kiswahili sanifu, ikamfikia mgonjwa ambaye ataipima kwa maana aijuayo ya kila siku. Mgonjwa hasomi fasili iliyomo kamusini. Yeye husikia neno na kulijibu kama alivyolisikia. Hii ndiyo sababu ya kuichunguza historia ya maneno haya.

Jina lilivyozaliwa Ulaya

Hali tuiitayo leo mtindio wa ubongo ilielezwa kwa utaratibu wa kitaalamu na William John Little, daktari mpasuaji wa London. Little mwenyewe alikuwa na mguu uliopinda, akatibiwa mwaka 1836 huko Hannover na Louis Stromeyer kwa njia ya kukata kano. Aliporudi Uingereza alijishughulisha na viungo vilivyopinda, na katika mihadhara yake ya miaka ya 1843 na 1844 alieleza habari za watoto ambao misuli yao imekaza. Mwaka 1861 aliwasomea wakunga na matabibu wa uzazi wa London taarifa iliyochapishwa mwaka uliofuata, akihusisha hali hiyo na uzazi mgumu, kuzaliwa kabla ya wakati, na mtoto kukosa hewa. Kwa muda mrefu hali hiyo iliitwa ugonjwa wa Little.

Yafaa ikumbukwe kwamba Little alikuwa mtu wa viungo. Aliuona ugonjwa katika miguu kabla ya kuutafuta kichwani. Waliomfuata waligeuza mwelekeo. Mwaka 1889 William Osler alichapisha kitabu juu ya watoto hao, na katika anwani yake akatumia jina lenye maana ya kupooza kunakotokana na ubongo, tena akaliandika katika hali ya wingi, kwa kuwa aliona kwamba aina zake ni nyingi. Mwaka 1897 Sigmund Freud, ambaye wakati huo alikuwa tabibu wa mishipa ya fahamu huko Vienna, alitoa kitabu kikubwa juu ya somo hilohilo. Alimpinga Little kwa kusema kwamba uzazi mgumu pengine si chanzo, bali ni dalili ya kasoro iliyokuwapo tangu tumboni. Tangu hapo jina likashikamana na ubongo.

Jina hilo lilikuwa la kweli, kwa kuwa chanzo kiko kwenye ubongo. Dhara lililoupata ubongo unaokua halizidi kuenea. Lakini misuli na mifupa inayotawaliwa na ubongo huo huendelea kubadilika kadiri mtoto anavyokua. Jina likataja kisichobadilika, na kuacha kinachobadilika bila kutajwa. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja kulirekebisha jambo hilo hata katika fasili: fasili ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2007, baada ya kueleza matatizo ya mjongeo na mkao, ndiyo iliyotaja waziwazi kwamba matatizo ya misuli na mifupa yanayofuatia ni sehemu ya hali hiyo.

Jina lilivyoingia katika Kiswahili

Kiswahili hakikukosa maneno ya kuwaita watu wenye viungo dhaifu. Kiwete, kiguru, kilema: yote yamo katika ngeli ya KI-VI, ambayo kwa kawaida ni ngeli ya vitu. Maneno hayo huyataja matokeo tu, bila chanzo wala njia yake. Mtoto wa polio, mtoto aliyeanguka mtini na mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, wote waliitwa kiwete.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kazi ya kusanifu istilahi ikapata mahali pa kudumu. Mwaka 1981 uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa watu wenye ulemavu ulisaidia kulieneza neno mlemavu, lililomtoa mtu katika ngeli ya vitu na kumweka katika ngeli ya watu. Katika mwaka huohuo kiliundwa Chama cha Walemavu Tanzania, na katika mwaka huohuo pia ilitoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Baadaye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilipiga hatua nyingine kwa kumtanguliza mtu na kufuatisha ulemavu. Msomaji ataona kwamba katika mabadiliko hayo jitihada kubwa ilikuwa juu ya heshima ya mtu, nayo ilikuwa jitihada njema. Kazi iliyobaki nyuma ni ile ya kutenganisha ugonjwa na ugonjwa.

Kwa hali tunayoizungumzia, majina mawili yameshindana. La kwanza ni kupooza kwa ubongo, ambalo ni tafsiri sisisi ya jina la Osler. Ugumu wake ni kwamba neno kupooza lilikwisha kuchukuliwa na polio. Wananchi walihimizwa kwa miaka mingi kuwapeleka watoto wakapate chanjo ya ugonjwa wa kupooza, na kazi hiyo ilifanikiwa: mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili Tanzania alionekana mwaka 1996. Sasa mguu wa polio ni mlegevu. Mguu wa mtoto tunayemzungumzia aghalabu umekaza. Kuyaita mambo hayo mawili kwa neno moja ni kumfundisha mzazi kutafuta ulegevu mahali penye mkazo.

La pili ni mtindio wa ubongo, au utindio wa ubongo kama wengine wasemavyo. Hili ndilo lililoshinda katika matumizi, lakini limebeba mzigo wake. Kwa miaka mingi shuleni na maofisini neno mtindio limetumiwa kwa udumavu wa akili. Matokeo yake ni kwamba mtu asikiapo mtoto ana mtindio wa ubongo, hudhani mara moja kwamba mtoto huyo hana akili. Wapo watoto wengi wenye hali hii ambao akili zao ni timamu kabisa, ila midomo na mikono haiwatii. Mwalimu anayelipokea jina hilo bila maelezo atamwondoa darasani mtoto aliyestahili kubaki.

Sipendekezi kuliondoa jina lililokwisha kuenea, kwa kuwa jina jipya lingezaa mkanganyiko mpya. Ninachosema ni kwamba jina hili, kama lile la Osler, huwafanya wote watazame kichwa. Hapana budi maneno mengine yanayolizunguka yaturudishe kwenye miguu.

Nyonga yenyewe

Nyonga ni kiungo ambamo kichwa cha fupapaja, chenye umbo la mviringo, huingia katika kikombe kilichomo kwenye fupanyonga. Neno kikombe si ubunifu wangu wa kupendezesha. Jina la Kilatini litumiwalo na madaktari wa dunia nzima kwa sehemu hiyo nalo lilimaanisha kikombe kidogo cha siki. Kwa hiyo tunaposema kikombe cha nyonga tunafuata njia ileile waliyoipita wahenga wa tiba, na mama yeyote huelewa mara moja.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo kwa kawaida huzaliwa nyonga zake zikiwa mahali pake. Jambo hili lazima lisisitizwe, kwa kuwa wengi husema kwamba mtoto alizaliwa hivyo. Kikombe cha nyonga ya mtoto mchanga hakina kina kirefu, nacho huendelea kuumbika kadiri mtoto anavyosimama na kutembea, kichwa cha fupapaja kikikikandamiza kutoka katikati. Mtoto ambaye hasimami hupungukiwa na uumbikaji huo. Papo hapo, misuli inayovuta mapaja ndani na ile inayokunja nyonga hukaza kupita kiasi, na kulisukuma paja kidogo kidogo nje na juu. Kichwa cha fupapaja huanza kutoka ukingoni mwa kikombe. Miezi hupita, pengine miaka, bila maumivu na bila dalili ya wazi. Mwishowe hutoka kabisa. Wengi wa watoto hao hupata maumivu. Kukaa kwao huwa kwa upande, na kuwaosha na kuwavika nguo huwa kazi nzito kwa mtoto na kwa mlezi.

Hapa ndipo kitenzi kuteguka kinapotuangusha. Kuteguka kumetokana na kutegua, kinyume cha kutega. Mtego hutegwa, kisha hutegulika. Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Katika matumizi yote hayo tendo ni la mara moja: kilichokuwa kimekaa sawa hufumuka ghafla. Ndivyo pia kifundo cha mguu kinavyoteguka mpirani. Na kwa kuwa kimeteguka ghafla, huweza kurudishwa na fundi wa viungo kwa kuvuta na kukanda. Mzazi aliyeambiwa kwamba nyonga ya mtoto wake imeteguka atafanya mambo mawili yenye mantiki kamili: atatafuta siku mtoto alipoanguka, na atamtafuta mkandaji. La kwanza litampotezea ushahidi, na la pili litampotezea wakati, kwani nyonga iliyotoka kwa namna hii hairudishwi kwa kukandwa.

Kitenzi kinachofaa ni kuhama. Anayehama huondoka mahali pake hatua kwa hatua, na huweza kukutwa njiani. Nyonga inayohama ni nyonga ambayo bado inaweza kuzuiwa.

Jinsi watu walivyojifunza kuipima

Kwamba nyonga huhama polepole si jambo lililojulikana kwa hisia tu. Mwaka 1980 Reimers, tabibu wa Skandinavia, alieleza njia ya kulipima kwa picha ya eksirei ya fupanyonga. Mstari hupigwa wima kwenye ukingo wa nje wa kikombe, kisha hupimwa ni sehemu gani ya kichwa cha fupapaja iliyo nje ya mstari huo. Kichwa kikiwa ndani chote, kipimo ni sifuri. Kikiwa nje chote, ni 100 katika mia. Kipimo kinapozidi takriban 30 katika mia, madaktari huhesabu kwamba nyonga imeanza kuhama. Namba moja hii iliwapa matabibu lugha ya pamoja: iliwezekana kulinganisha picha ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Mwaka 1997 Robert Palisano na wenzake huko Kanada walitoa mpango wa kuwapanga watoto hawa katika ngazi tano kwa kufuata uwezo wao wa kujongea, kuanzia mtoto atembeaye bila msaada mpaka mtoto asiyeweza kujitegemeza hata kichwa. Mpango huo ulionyesha umuhimu wake kwa nyonga mwaka 2006, watafiti wa jimbo la Victoria, Australia, walipotoa matokeo ya watoto 323. Kwa jumla 35 katika mia walikuwa na nyonga iliyohama. Lakini katika ngazi ya kwanza hapakuwa na hata mmoja, na katika ngazi ya tano walikuwa 90 katika mia. Basi ikajulikana ni watoto gani wa kutazamwa kwa karibu zaidi.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka kusini mwa Uswidi. Mwaka 1994 madaktari wa huko, miongoni mwao Gunnar Hägglund, walianzisha daftari la watoto wote wenye mtindio wa ubongo katika eneo lao. Watoto wasioweza kutembea vizuri walipigwa picha ya nyonga kila mwaka hadi umri wa miaka minane. Aliyeonekana nyonga yake inahama alitibiwa mapema: kwa kurefusha misuli iliyokaza, au kwa kukata fupapaja na kulipanga upya, au kwa kujenga paa la kikombe. Miongoni mwa watoto 103 waliozaliwa miaka ya 1990 na 1991, kabla ya mpango huo, tisa walikuja kutokwa na nyonga kabisa. Miongoni mwa 258 waliozaliwa kati ya 1992 na 1997, walikuwa wawili. Miongoni mwa 431 waliozaliwa kati ya 1998 na 2007, hadi kufikia Januari 2014 hakuwapo hata mmoja.

Msomaji na azitazame hesabu hizo kwa makini. Upasuaji wa nyonga ulikuwapo hata kabla ya mwaka 1994. Kilichokuwa kipya ni daftari na ratiba: kumwita mtoto kabla hajalia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa hauonekani kwa macho, huonekana kwa picha.

Hali katika Afrika Mashariki

Nchini Uganda, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya za Iganga na Mayuge, wakawachunguza watoto zaidi ya 31,000 wenye umri wa miaka 2 hadi 17. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikadiria watoto 2.9 wenye mtindio wa ubongo katika kila elfu. Takriban robo yao waliipata hali hiyo baada ya siku za kwanza za uhai, na malaria ilikuwa sababu kubwa. Aidha, watoto wakubwa wenye hali nzito walikuwa wachache kuliko ilivyotazamiwa, dalili kwamba wengi wa aina hiyo hawafikii umri huo. Kwa hiyo watoto walio katika hatari kubwa ya nyonga kuhama ndio pia walio katika hatari ya kutoonekana kabisa katika vitabu vyetu.

Tanzania haikosi mahali pa kuanzia. Hospitali ya KCMC ya Moshi ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo cha kufundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo kikaanzishwa hapo mwaka 1981. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imetokana na kazi iliyoanza mwaka 1994, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Lakini kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni mwendo wa karibu kilomita 1,000. Mtoto wa Peramiho hawezi kwenda huko kila mwaka ili kutazamwa tu. Upasuaji waweza kuwa mbali. Kutazama hakuna budi kuwe karibu. Picha ya fupanyonga si picha ya ajabu, huhitaji mashine ya kawaida ya eksirei, mtoto aliyelazwa sawasawa, na mtu ajuaye kupiga mstari wa Reimers.

Tena jambo la kumpima mtoto asiyeumwa si geni kwetu. Mama wa Tanzania humpeleka mtoto kliniki na kadi yake, akapimwa uzito, na muuguzi akatia nukta juu ya mstari. Mama ambaye hakuwahi kusoma takwimu hujua kwamba mstari ukilala, pana jambo. Ufuatiliaji wa nyonga ni kadi hiyohiyo kwa kiungo kingine. Ukielezwa hivyo, hauhitaji hotuba ndefu.

Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo, naleta mapendekezo yafuatayo. Ni mapendekezo ya mwandishi, hayajasanifiwa.

(a) Nyonga litumike kwa kiungo chenyewe, wala si kiuno. Watu wengi husema kiuno kwa eneo lote la chini ya mbavu, na fomu inayouliza juu ya kiuno itajibiwa kwa habari za mgongo.

(b) Kuhama kwa nyonga litumike kwa hali ya kichwa cha fupapaja kutoka kikombeni polepole; nyonga iliyotoka, kwa hali ya kutoka kabisa. Kuteguka kuachiwe ajali za ghafla.

(c) Asilimia ya kuhama litumike kwa kipimo cha Reimers. Msomaji wa ripoti akiona "asilimia ya kuhama 40", atafahamu bila kamusi.

(d) Mkazo wa misuli litumike badala ya ukakamavu, neno ambalo nimeliona katika tafsiri kadhaa. Ukakamavu ni sifa ya askari na ya mwanafunzi hodari. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wake ana misuli yenye ukakamavu ana haki ya kushukuru.

(e) Ufuatiliaji wa nyonga litumike kwa mpango mzima wa kumtazama mtoto kwa ratiba. Upelelezi na ushushushu hayafai hata kwa mzaha, na uchunguzi ni tendo la siku moja, hali ufuatiliaji una miaka ndani yake.

(f) Maswali ya fomu yaulize kile mzazi anachokiona. Mfano: "Je, mapaja ya mtoto huachana kwa urahisi unapomwosha au unapombeba kwa mbeleko? Je, ni rahisi au ni vigumu kuliko mwaka jana? Je, hulia unapoyaachanisha?" Maneno ya maswali haya si yangu. Ni ya mama yule wa karibu na Peramiho, nami nimeyapanga tu.

Hata hivyo lazima nitoe tahadhari. Maswali mazuri hayawezi kuchukua nafasi ya picha, kwa kuwa nyonga huweza kuhama hali mapaja bado yanaachana. Kila fomu ya mtoto asiyetembea iwe na mstari mmoja zaidi usiotegemea jibu la mzazi: tarehe ya picha ya mwisho ya nyonga, na tarehe ya ijayo.

Hitimisho

Historia ya jina la hali hii inaonyesha kwamba wataalamu wakubwa wa Ulaya walikuwa na jina la kweli lililowafanya wasione sehemu moja ya ukweli, na kwamba Kiswahili kililipokea jina hilo pamoja na kivuli chake. Sisi tunaoshughulika na istilahi hupenda kujiuliza kama neno ni fupi, kama linanyambulika, kama linafanana na lugha za Kibantu au limetoka Kiarabu. Maswali hayo ni mema. Katika tiba, hata hivyo, lipo swali linalotangulia: je, mtu akilisikia neno hili, atafanya nini kesho asubuhi?

Yule mama wa Peramiho alilisikia neno langu, na kesho yake hakufanya lolote, kwa sababu neno lilimwambia kwamba hapana la kufanya. Siku nilipoonana naye nilimwomba arudi hospitalini, asitaje kuteguka, bali aseme yale aliyoniambia mimi, na aombe mtoto apigwe picha ya nyonga. Aliniuliza kwa nini swali halikuandikwa hivyo tangu mwanzo. Sikuwa na jibu la kumpa.

Wasomaji, hasa waalimu, wauguzi na watumishi walio katika Mkoa wa Ruvuma na mikoa mingine, wanaombwa walete maneno wanayoyasikia kwa wazazi kuhusu nyonga, mapaja na mkao wa watoto, hata kama ni ya lugha za nyumbani. Maneno hayo yatakusanywa na kulinganishwa kabla istilahi hizi hazijafikishwa kwenye kamati ya usanifishaji.